Kofia kwenye Mkono wa Mvuke: Maisha ya Ortwin Liebeskind, 1937–2009

Anayezikwa leo saa tano asubuhi katika makaburi ya Leutzroda, Jumamosi tarehe 19 Septemba 2009, ni Ortwin Ewald Liebeskind, dereva wa treni. Mjane wake, Roswitha, ameagiza wasifu huu usomwe kama ulivyo, bila kulainishwa. Agizo hilo alilitoa jikoni kwake mbele ya Mchungaji, ambaye kwa upole wake alikuwa ameshauri kwamba baadhi ya mambo yaachwe yapite.

"Mchungaji, kunywa kahawa yako," alimwambia. "Miaka thelathini nimeyaacha yapite, na bado yamekaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Marehemu alizaliwa hapa hapa Leutzroda tarehe 14 Machi 1937, mtoto wa pili wa Ewald Liebeskind, mchochea moto wa injini za mvuke, na mkewe Klara. Mwaka huo viwanda vya nchi hii vilianza kutoa kwa wingi injini za mizigo za familia ya Arobaini na Nne, ambazo watu wa reli waliziita Jumbo. Kumi za kwanza zilikuwa zimetoka tangu 1926, zikaonekana ghali na zenye kula mvuke kupita kiasi, zikawekwa kando. Baadaye wakubwa walipoanza kujiandaa kwa vita wakakumbuka kwamba kuna chuma chenye nguvu ya kuvuta mlima. Zikaagizwa mia kwa mia, hadi zikakaribia elfu mbili. Kitabu cha rangi kinachouzwa na chama cha wapenda mvuke cha mji huu kinasema Ortwin na Jumbo walikuwa "mapacha." Marehemu alikisoma akakirudisha mezani kwa ncha ya kidole. Alisema kuzaliwa mwaka mmoja na Jumbo ni kama kuzaliwa siku moja na mbwa wa jirani, haikufanyi uwe wa ukoo wake.

Injini ambayo baadaye angeiendesha ilitoka kiwandani mwaka 1942. Ilitoka nusu uchi. Shaba iliondolewa kwa ajili ya mizinga, mabati ya kukinga moshi hayakufungwa, vyuma havikusuguliwa, kwa sababu waliokuwa wakiiagiza walikuwa na haraka ya kuua. Kile kitabu cha rangi kinaiita "farasi mwaminifu wa kazi." Kuhusu mabehewa yaliyofungwa kwa nje, na waliokuwemo ndani wakipelekwa kuuawa, na waliokuwa wakitazama treni ikipita kisha wakarudi kumalizia supu yao, kitabu hakina hata mstari. Jambo hilo lilimtia marehemu kinyaa. Baba yake alikuwa mmoja wa waliochochea moto, naye aliuawa na mabomu katika yadi ya stesheni mwezi Aprili 1945. Ortwin alimlilia baba yake maisha yake yote, lakini hakuwahi kumsafisha.

Alisoma shule ya msingi ya Leutzroda kuanzia 1943 hadi 1951, akikatizwa na vita, njaa, na majira ya baridi ambayo wanafunzi walichoma madawati ili wapate joto. Hesabu aliiweza, kuimba kulimshinda kabisa, hata mwalimu wake alimwomba afungue tu mdomo bila kutoa sauti siku ya sikukuu. Mwaka 1951 aliingia karakana ya reli kujifunza ufundi, mwaka 1955 akawa mchochea moto, na tarehe 3 Novemba 1961 alifaulu mtihani wa udereva.

Hapa ni lazima lielezwe jambo moja, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Jumbo ina pistoni tatu. Mbili zinaonekana kwa nje, moja kila upande, na ndizo watoto huzipiga picha. Ya tatu iko katikati, imefichwa kati ya magurudumu. Ili kuipaka mafuta, mtu huingia chini ya injini, akajikunja katikati ya vyuma ambavyo, injini ikitembea, huzunguka. Injini ikisogea hata kidogo yeye akiwa humo, amekwisha. Kwa hiyo karakana ya Leutzroda ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Anayeingia chini hutundika kofia yake kwenye mkono wa kufungulia mvuke. Kofia ikiwa pale, kuna mtu chini. Hakuna dereva, msimamizi wala waziri anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa mwenyewe, akishatoka. Ewald alimfundisha mwanawe desturi hiyo kabla hajamfundisha kufunga kamba za viatu.

Tarehe 5 Mei 1962 Ortwin alimwoa Roswitha Kämpfe, mshonaji, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Walikutana dansini. Ortwin alikuwa amesugua mikono kwa mchanga na sabuni hadi ikachubuka, na bado aliacha alama ya vidole vitano mgongoni mwa blauzi nyeupe ya Roswitha. Mama yake Roswitha aliiona asubuhi.

"Huyu kijana wako anafanya kazi wapi, shimoni?"

"Reli, Mama."

"Basi uolewe naye kabisa, maana hiyo haitoki."

Haikutoka kweli. Blauzi ipo hadi leo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Almut, tarehe 20 Februari 1964.

Miaka hiyo wakubwa wa reli waliamua Jumbo ziache makaa na zichomwe kwa mafuta mazito, yale masalia meusi yanayobaki chini baada ya vitu vizuri vyote kukamuliwa. Magazeti yalisema ni ukombozi wa mchochea moto, hatapiga tena sepetu. Hayakusema kuhusu harufu. Iliingia kwenye nywele, kwenye mito, kwenye mkate. Roswitha alikuwa akimfungia madonge ya viazi aliyoyapenda, naye akiyapasha moto juu ya bomba la mvuke. Yakawa na ladha ya lami. Paka wa nyumbani, aliyekuwa akimlalia mapajani, alihama akaenda kuishi kwa jirani. Kila Jumatatu Roswitha alifua ovaroli zake kwa kuzichemsha kwenye pipa uani, na maji yalipomwagwa, majani hayakuota tena pale. Mapafu ya marehemu yalianza kulalamika miaka hiyo. Daktari wa reli alimwambia apunguze sigara. Ortwin hakuwa mvutaji.

Hata hivyo aliitunza ile injini kwa sababu alikabidhiwa, naye hakujua kufanya kazi nusu. Ilikuwa kawaida wakati huo kila injini kuwa na watu wake, na majina yao kubandikwa kwenye kibao ndani ya chumba cha dereva. Kibao chao kiliandikwa: O. Liebeskind, W. Pfotenhauer. Wa pili ni Wendelin Pfotenhauer, mchochea moto wake tangu 1968, aliyeketi leo safu ya mbele kando ya mjane. Walitaniana miaka kumi na moja. Wendelin alimwita "Mzee" ingawa walipishana miaka sita tu, na Ortwin alimwita "Bwana Arusi" kwa sababu Wendelin alibadilisha wachumba kuliko soksi.

Tarehe 2 Januari 1979, baridi kuu ya mwaka ule ikiwa imegandisha nchi nzima na umeme umekatika, walipangiwa kuvuta treni ya makaa ya kituo cha umeme. Asubuhi Ortwin alikwenda kwenye chumba cha ishara kupokea amri kwa simu. Huku nyuma Wendelin alinusa chuma kinachoungua kutoka pistoni ya katikati. Akatundika kofia yake kwenye mkono wa mvuke, akachukua taa, akaingia chini.

Msimamizi wa zamu alikuwa Siegmar Hünniger, mwenye umri wa miaka thelathini na moja. Upepo ulikuwa umempeperushia kofia yake ya manyoya alipovuka daraja, na masikio yalikuwa yakimuuma. Akapanda kwenye chumba cha dereva ili aote joto. Akaona kofia imetundikwa. Akaivaa.

Ortwin aliporudi, theluji ilikuwa ikivuma na kila mtu alikuwa mweupe kuanzia kichwani. Kofia za reli zilikuwa za ngozi, nyeusi, za aina moja.

"Ndugu Liebeskind, njia iko wazi," alisema Hünniger. "Sogeza mpaka kwenye bomba la maji. Mji mzima uko gizani unakungoja wewe."

"Wendelin yuko wapi?"

"Nitajuaje? Atakuwa msalani. Sogeza, atakukuta mbele."

Ortwin alitazama mkono wa mvuke. Ulikuwa mtupu. Alichungulia dirishani akaita, upepo ukala sauti yake. Akafungua mvuke, kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Magurudumu hayakumaliza hata nusu ya mzunguko.

Walimtoa Wendelin akiwa hai. Mkono wa kushoto, kuanzia chini ya kiwiko, haukutoka naye. Alipolazwa juu ya theluji hakuuliza habari za mkono. Alisema, "Kofia yangu iko wapi?" Na wote waliokuwa pale, wanaume wa karakana wanane au tisa, waligeuka wakamtazama Hünniger kichwani. Hünniger akaivua. Akaipangusa theluji kwa kiganja, akainama, akamwekea Wendelin kifuani, kana kwamba ni kitu alichokiokota njiani na sasa anakirudisha kwa mwenyewe kwa adabu zake zote.

Uchunguzi ulifanyika. Ulikuta kwamba dereva Liebeskind alisogeza injini bila kumwona mwenzake kwa macho yake. Hilo ni kweli, na marehemu hakulikana hata siku moja. Kuhusu kofia hakukuandikwa kitu. Wendelin alieleza akiwa kitandani hospitalini, akajibiwa, "Ndugu, ulikuwa na maumivu makali, si rahisi kukumbuka." Wale wanane au tisa walioona kila mmoja alikuwa na watoto, na nyumba ya reli, na zamu nzuri ya kulinda, kwa hiyo hawakuwa wameona. Baadhi yao wapo hapa leo wamevaa tai nyeusi. Kahawa ipo, keki ipo, wanywe. Roswitha hakuwafukuza, amesema tu kwamba akiwatazama anasikia kichefuchefu, na aliomba hilo liingie.

Ortwin alivuliwa udereva. Hünniger alipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Kisha, mwaka 1981, mafuta yakapanda bei na ghafla wale wale waliozisifu Jumbo za mafuta wakazikana. Nyingi zilikatwa chuma chakavu. Ile ya marehemu ilinyang'anywa vyuma vinavyounganisha magurudumu, isiweze kutembea tena, ikaburutwa hadi kwenye shamba kubwa la kunenepesha nguruwe nje ya mji, ikawekwa kwenye kipande cha reli kisichokwenda popote. Kazi yake ikawa kutoa mvuke wa kupikia uji wa nguruwe na kupasha joto mabanda yao. Ikahitajika mtu wa kuitunza. Aliyepeleka jina la Ortwin Liebeskind alikuwa Siegmar Hünniger, na alisema, mbele ya watu, kwamba hawatenganishwi marafiki.

Miaka minane alikuwa huko. Harufu ya mafuta mazito ikaungana na ya nguruwe elfu kadhaa, na Roswitha, aliyedhani ameshanusa kila kitu, alianza kumvulisha nguo mlangoni. Lakini kila Jumapili alasiri Wendelin alikwenda kwa baiskeli, akiiendesha kwa mkono mmoja, wakacheza karata za skat kando ya ile injini pamoja na mlisha nguruwe. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kushika karata na kucheza. Basi Ortwin alimchongea kigogo cha mti wa mlozi wa jirani, chenye mfereji wa kusimamishia karata. Siku aliyompa, Wendelin alikigeuza geuza.

"Mzee, umechonga vibaya. Mfereji umepinda."

"Utashika karata au utashika malalamiko?"

"Nina mkono mmoja. Nichagulie."

Walicheka hadi mlisha nguruwe akaja kuuliza kuna nini. Ortwin alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ile Januari, amelisikia lile jina la Mzee likitamkwa bila kuogopa. Kigogo hicho Wendelin anacho mfukoni mwa koti sasa hivi.

Nchi ilipobadilika mwaka 1990 shamba lilifungwa. Injini ilibaki porini ikioza hadi kilipoundwa chama cha wapenda mvuke, kikaikuta, kikaipenda, kikairudishia vyuma vyake. Mwenyekiti wa chama tangu 1996 ni Siegmar Hünniger, mtu mwenye kumbukumbu nyingi na macho makavu. Mwaka 2004 injini ilitembea tena, bendi ikapiga, soseji zikachomwa. Ndani, pale penye kibao cha majina, palikuwa na kibao kipya cha shaba kinachong'aa. Kimeandikwa: S. Hünniger. Mtu ambaye hakuwahi kuiendesha hata hatua moja alikuwa amejiandikisha kuwa bwana wake. Ortwin aliombwa apande aendeshe, akakataa. Aliombwa angalau awafundishe madereva wa kujitolea, akakubali siku moja tu. Aliwafundisha kitu kimoja, desturi ya kofia, akawafanya wairudie hadi wakachoka, akaenda zake nyumbani.

Mapafu yalimlaza kabisa mwezi Machi mwaka huu. Alikuwa na mashine ya kumpa hewa kitandani na hakutaka dirisha lifungwe hata mvua iliponyesha. Alifariki nyumbani Jumamosi iliyopita, tarehe 12 Septemba 2009, saa moja asubuhi, Roswitha akiwa amemshika mkono. Anasema ulikuwa safi. Anasema alitazama kucha zote kumi, na hakukuwa na weusi wowote.

Jumanne Bwana Hünniger alifika kutoa pole.

"Mama Liebeskind, pole sana. Ortwin alikuwa zaidi ya ndugu kwangu."

"Sema shida yako, Siegmar."

"Si shida, ni heshima. Chama kimeandaa Safari ya Kumbukumbu ya Ortwin. Jumamosi saa nane mchana, mkitoka tu makaburini. Tiketi zimekwisha zote. Sasa, wanachama wangependa ile kofia yake ya kazi tuiweke ndani ya kioo."

"Kofia."

"Ndiyo, Mama. Kofia."

"Wewe na kofia za watu," alisema Roswitha, "hamjaachana tu?"

Akafunga mlango.

Aya zinazofuata hazimo katika karatasi mlizoshika, kwa sababu yaliyomo yametokea asubuhi hii. Roswitha, akiwa na miaka sitini na tisa na nguo zake za msiba, alikwenda stesheni pamoja na Wendelin. Injini ilikuwa imeshawashwa, imepambwa kwa maua na picha ya marehemu mbele, na juu ya picha hiyo moshi ulikuwa umeshaanza kudondosha masizi. Alipanda ngazi ya chuma, Wendelin akimsukuma kutoka chini kwa mkono mmoja na kumwomba radhi kwa pale alipomshika. Madereva wawili wa kujitolea, mwokaji mikate na karani wa kodi, walishtuka.

"Bibi, huruhusiwi kupanda huku."

Roswitha alitoa kofia ya Ortwin mkobani akaitundika kwenye mkono wa mvuke.

Mwokaji aliitazama. "Bibi, nani yuko chini?"

"Ortwin. Anaingia saa tano."

"Na atatoka lini?"

"Hatoki, mwanangu."

Yule mwokaji alifuta mikono yake kwa kitambaa, akashuka. Karani wa kodi akamfuata. Wamekuja wote wawili, wamesimama kule nyuma na ovaroli zao, na familia inawashukuru.

Marehemu ameacha mjane, Roswitha. Binti, Almut, na mumewe Henrik. Wajukuu wawili, Jorinde na Tilman. Dada yake, Gerlinde. Na Wendelin Pfotenhauer, ambaye si wa damu na ni wa familia.

Safari ya saa nane haijafutwa. Injini iko stesheni, mvuke umejaa, soseji ziko motoni, watu wana tiketi zao. Kinachoizuia ni kofia moja ya ngozi, na hakuna dereva wa chama aliyekubali kuigusa. Bwana Siegmar Hünniger, aliyeketi safu ya tatu, anajua kofia inavyoondolewa pale, alikwisha kuiondoa nyingine. Afanye atakavyo, sisi tutakuwa tukitazama, safari hii wote. Ortwin Liebeskind yuko chini. Apumzike, na asiwepo wa kumsogezea chuma juu yake tena.